Maganda Yaliyorefuka

"Bon, kama uliyakata sawa, mbona yamerefuka?"

Baba mdogo aliniuliza hivyo ganda la risasi likiwa bado katikati ya meno ya kipimo. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu huko Columbus, mwenye maswali kwa kila mtu, na sasa zamu ya kuulizwa ilikuwa yangu.

Tulikuwa kwenye gereji yake, mtaa wa Okolona, Louisville. Mwenzake wa kazini, kule ghalani, alikuwa amemfundisha kujaza risasi upya: unaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, unayarudishia umbo, unayatia fataki, baruti na kichwa kipya. Ganda lililotumika hurefuka shingoni, kwa hiyo hukatwa. Ukiliacha refu mno, hubana kichwa cha risasi ndani ya bunduki, na nguvu ya baruti inaweza kumrudia mpigaji usoni.

Tulikuwa na mapatano. Nikiyakata yote yakalingana, ningepanda gari pamoja naye na wanaume wa kanisa kwenda kuwinda kulungu. Hakuna mwanamke aliyewahi kupanda gari lile. Nilipouliza sababu niliambiwa "iko vile tu", na kwangu hiyo haikuwa sababu.

Basi nilikata. Nilizungusha kikatio kwa mkono mpaka kiganja kikatoka lengelenge, nikapima kila ganda, nikamkabidhi. Yeye akayasukuma moja moja ndani ya kalibu ya kuyarudishia umbo, kwa utaratibu ule ule aliofundishwa, kisha akapima tena. Yote yalikuwa marefu.

"Shaba haioti kama mahindi, universitaire." Msomi wa chuo, yaani mimi.

"Nilipima kila moja, baba mdogo."

"Donc kipimo njo kinaongopa?"

"Sijasema hivyo. Tuchukue moja, tulipime kabla ya kalibu na baada yake."

"Hapa siyo shuleni. Jumamosi utabaki na mama yako."

Nikabaki. Gari liliondoka na kiti kimoja kitupu; nilikiona kutoka dirishani. Mama aliniomba nimwombe baba mdogo msamaha kabla ya chakula cha Jumapili, ili watu wapate kula kwa amani. Nikamwambia siombi msamaha kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha.

"Wewe mtoto, utaolewa na nani na hicho kichwa?"

"Na mtu anayepima mara mbili, mama."

Wageni waliokwisha kufika walicheka, baba mdogo hakucheka. Nyama ya kulungu waliyemleta nilikula, tena nikaongeza. Msamaha sikuomba.

Baadaye kazi ilinipeleka Buffalo. Huko nilinunua mashine ya kujazia risasi iliyotumika, pamoja na kalibu, nikafanya jaribio nililonyimwa. Nilipima ganda, nikalisukuma ndani ya kalibu, nikalipima tena. Lilikuwa limerefuka. Kalibu hubana mwili wa ganda, na shaba inayobanwa hukimbilia shingoni. Umbo kwanza, kukata baadaye. Mikono yangu haikukosea. Utaratibu wake ndio uliokuwa kichwa chini.

Mwaka huu nilirudi Louisville na kipimo changu ndani ya begi, tayari kwa ugomvi. Nilimkuta gerejini. Alikuwa ameshayapitisha maganda kwenye kalibu, na sasa ndipo alipokuwa anayakata.

"Ulianza lini kufanya hivi, baba mdogo?"

Akapuliza vumbi la shaba mezani, akachukua ganda jingine.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, bila kujua alichokuwa anasema: "Si tangu ile juma walienda kuwinda wakakuacha?"