Baba Alipopanda Mlima Kumuuliza Mjomba

Enzi zetu, mtoto wa Kiluguru alijua mapema kwamba baba ni wa kupendwa, lakini mwenye neno ni mjomba. Tulikaa Morogoro mjini, na kila likizo tulipanda milimani kwa bibi mzaa mama. Tulicheza rede mpaka vumbi likatujaa masikioni, na jioni bibi alitutajisha ukoo. Aliyekosea hakuongezwa muhogo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Baba, mtu wa Singida, alikuwa amepunguzwa kiwandani, akaanza kuuza mitumba stendi ya Msamvu. Huko kijana mmoja mfanyabiashara akamposa dada yangu mkubwa, Zainabu. Baba akakubali palepale, maana kwao mtoto ni wa baba. Akachapisha kadi, akatafuta mtu wa video. Kadi moja akampelekea Mjomba Shabani, mdogo wake mama.

Zainabu alikuwa amewekwa ndani kwa bibi mwezi mzima, kama ilivyo desturi ya bibi harusi. Siku tatu kabla ya ndoa tukaenda kumchukua. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akipeta mchele, na hakusogea.

"Mwenye mtoto hajasema," alisema.

Baba alikasirika. Akataja dini, sheria, na wageni waliokwisha alikwa. Bibi akaendelea kupeta. Mwishowe baba akapanda juu zaidi, shambani kwa mjomba, mimi na mama tukimfuata. Mjomba alikuwa anapalilia, wala hakuinua kichwa. Baba alimzidi umri kwa miaka mingi, lakini alisema, "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kutualika au kutuuliza?"

Baba alifuta jasho, akafuta tena. "Nimekuja kuuliza."

Mjomba akanawa mikono, akateremka nasi mpaka kwa bibi, akasimama nje ya mlango. "Zainabu, mtu huyu unamtaka?"

Baba alisogea karibu na mlango.

"Namtaka, mjomba."

"Haya, mfungulieni."

Ndoa ikafungwa, na video ikapigwa. Miaka michache baadaye mume alimwacha, naye dada akarudi mlimani na watoto wawili. Mjomba hakumuuliza lolote. Kesho yake alimwonyesha kipande cha shamba la ukoo, akamwambia aanze kulima kabla mvua hazijashika. Baba alipopata habari alisema, "Yule shemeji ni mtu."

Mjomba alikwisha kufariki, na baba pia. Mwaka jana binti yangu alinipigia simu kunijulisha tarehe ya harusi yake. Kamati ilikuwa tayari, na rangi ya sare ilikwisha chaguliwa. Nikamuuliza kama mjomba wake, yaani kaka yangu, anajua.

"Anajua, mama. Tumemuunga kwenye grupu."

Nikafungua grupu nione kaka yangu amesema nini. Alikuwa ametuma kidole gumba.