Sweta la Mabega ya Mtu Mwingine

Pale kliniki ya watoto walimwita Mama Mizani, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akipima watoto uzito, na alishawaona akina mama wa kila namna: wanaomvisha mtoto soksi jozi tatu ili mshale upande, wanaosahau makusudi kumvua kofia. "Vua vyote," huwaambia. "Nataka mtoto, sitaki kabati." Basi mtu wa namna hiyo, akiletewa zawadi asiyoitarajia kutoka kwa wifi yake, usitegemee ataipokea macho yamefumbwa.

Zawadi yenyewe ilikuwa sweta la sufu, la kijivu, limefumwa kwa mkono. Mumewe, fundi vioo, alilileta Jumatano jioni kwenye mfuko wa karatasi. "Dada amekufumia," alisema, kisha akajifanya anatafuta miwani.

Dada huyo hakuwahi kumfumia hata kitambaa cha meza. Tangu Mama Mizani aolewe, miaka mitano sasa, wao wawili walikuwa watu wa salamu tu: hujambo, sijambo, kila mtu na lake.

Alilivaa mbele ya kioo. Mikono ilimeza vidole vyote, shingo ikateleza hadi begani. Mumewe akaangua kicheko. "Hilo lingemtosha vizuri..." alianza, halafu akakohoa kikohozi cha mtu asiye na kifua.

"Lingemtosha nani?"

"Mtu yeyote mkubwamkubwa."

Mama Mizani akalivua, akalikunja. Jumamosi, alipomaliza kufua, alilitandaza sweta mezani, akaweka juu yake blauzi inayomkaa vizuri kuliko zote, akachukua tepu. Mambo yakaanza kujianika yenyewe. Kifua kilizidi vidole viwili tu. Mabega yalizidi kiganja kila upande. Mikono ilizidi shubiri nzima. Mfumaji aliyekosea, aliwaza, hukosea kotekote. Huyu hakukosea. Huyu alikuwa na mtu kichwani: mrefu, mwembamba, mabega mapana. Na mtu wa hivyo alikuwa mmoja tu, mke wa kwanza wa mumewe, aliyeondoka kwa hiari yake, na ambaye ukoo mzima bado ulimwita Mlingoti kwa urefu wake, tena kwa sauti ya mapenzi.

"Njoo unishikie pini," alimwita mumewe.

Alilivaa sweta nje ndani, akanyoosha mikono. Mume akazibana pini midomoni, akaanza kupunguza mshono wa ubavuni kuanzia kwapani.

"Dada yako bado anaonana na Mlingoti?"

"Mmh."

"Mmh ya ndiyo au mmh ya hapana?"

Mume akaonyesha pini kwa kidole. Hajawahi kushukuru kitu maishani kama alivyozishukuru pini zile.

"Zitaisha tu hizo," Mama Mizani alimwambia.

Zilipoisha, mume alikumbuka kwamba kuna dirisha la mteja linamsubiri.

Akabaki peke yake, anashona. Kwanza alipiga bandi, mishono mirefu ya muda, kwa uzi mwekundu ili auone vizuri. Kisha akarudia kwa mshono wa mkono, bila kuuvuta uzi, maana sufu ikibanwa sana hujikunja kama jani lililoungua. Mikono aliikunja kwa ndani akaishikiza. Mkasi ulikuwa karibu, lakini hakukata hata uzi mmoja wa sufu. Alijiambia kwamba ushahidi haukatwi. Mabega ndiyo yaliyomshinda. Kila alipoyabana, sweta lilivimba mgongoni kana kwamba amebeba furushi ndani yake.

Jumapili saa nne asubuhi wifi akabisha hodi, bila kualikwa. Amekuja kuangalia nini? Mama Mizani alilivaa sweta kwanza, ndipo akafungua.

Wifi alikuwa mwanamke mfupi, wa mikono isiyotulia. Hakukaa. Alimzunguka, akalipindua pindo, akachungulia ndani.

"Hujakata."

"Nitakataje nguo ya mwenyewe?" Mama Mizani akajibu. "Wifi, sema kweli. Hili ulimfumia Mlingoti."

Kule jikoni, vikombe vilivyokuwa vikioshwa vikanyamaza.

"Ndiyo," wifi akasema.

Mama Mizani alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ndiyo hakuitarajia.

"Nililianza kabla hajaondoka," wifi akaendelea. "Nilikuwa nafuma pembeni ya kitanda cha mama alipokuwa anaumwa. Yeye ndiye aliyekuwa ananihesabia vitanzi. Hata sauti ilipokuwa haitoki, alinihesabia kwa vidole. Mgongo na kifua tukamaliza. Mama akafariki, na yule akaondoka mwaka huohuo. Nikalifungia sandukuni."

"Mbona hukulifumua ukaanza upya?"

"Mara tatu nimelishika, wifi. Siwezi kufumua kazi ya mama."

"Na mimi unanipa kwa nini?"

"Nimpe nani? Mama angekuwa hai, wewe ndiye angekuita mkwe. Mikono na shingo nimeifuma mwaka huu, nikatumia vipimo vya zamani. Vyako sikuwa navyo. Na kukuuliza niliona haya, miaka yote hii hatujavuka hujambo."

Mama Mizani akamkazia macho, akitafuta pahali maneno yalipopinda. Hakupaona. Hata hivyo hakulegea mara moja.

"Wewe uliyejificha jikoni! Ni kweli mama alikuwa anahesabu vitanzi?"

"Kweli," sauti ya mume ikajibu, nzito kidogo. "Alikuwa anatunyamazisha tusimchanganye."

Mama Mizani akalivua sweta, akamkabidhi wifi yake pamoja na tepu. "Mgongo na kifua usiviguse. Fumua shingo na mikono. Haya, nipime."

Sweta lilirudi baada ya wiki mbili. Shingo ilipofumwa upya kwa kubana, mabega yalipanda yakakaa, ila la kushoto bado huporomoka kidogo. Yeye hulivaa hivyohivyo asubuhi za baridi. Wifi siku hizi hupiga simu kila Jumapili, na Mama Mizani hupokea, ingawa huiacha kwanza iite mara tatu.