Asipewe Maji

Niseme ukweli, sikuingia kwenye huduma ya kwanza kwa huruma. Niliingia kwa sababu ya kile kizibao chekundu. Nilikuwa kidato cha tatu, binti wa Ilala mwenye mdomo, mama yangu akinionya kila siku kwamba mdomo huponza kichwa, na hapo ikatokea kazi ambayo kupayuka ni sifa. Kila Jumamosi sisi vijana wa kujitolea tulizunguka Kariakoo na begi la bandeji, na kabla ya kushika jeraha lolote kazi yetu ilikuwa kufukuza watu. Mtu akidondoka Kariakoo, soko zima linamwinamia. Huyu ana kitunguu cha kumnusisha, yule anampepea kwa kanga, na lazima atokee mmoja ana maji.

Mwalimu wetu, muuguzi mstaafu, alituimbia hilo la maji mpaka likatuchosha. Aliyezimia hamezi. Ukimpa maji yanaingia mapafuni, umemuua kwa wema wako. Nililipenda sharti hilo. Lilikuwa rahisi, nami nilikuwa na sauti ya kulisimamia. "Asipewe maji!" nikipiga kelele, hata wabeba mizigo wanarudi nyuma. Ndipo nilipojua nataka kufanya kazi kwenye gari la wagonjwa maisha yangu yote.

Basi Jumamosi moja mchana tukaitwa Mchafukoge, kwenye duka la vitambaa vya pazia. Mwenye duka, mzee wa Kihindu niliyemjua kwa shikamoo na marahaba tu, alikuwa ameanguka nyuma ya meza yake. Tulimwita hakuitika, ila alikuwa anapumua, pumzi nzito za kukoroma. Mwenzangu, kijana wa darasani kwetu, akapiga simu kuita gari. Mimi nikamlaza mzee ubavu, mdomo ukielekea chini ili mate yatoke. Kila kitu kama tulivyofundishwa.

Mkewe akashuka kutoka ghorofani walikokuwa wakiishi, mkononi ana kikopo cha shaba kilichozibwa kwa nta, anaibandua kwa kucha. Hata hajafika nikamkemea: "Hapana, mama! Asipewe maji!"

Hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali. Alipiga magoti karibu yangu akasema, "Mwanangu, haya si ya kiu. Ni ya mto wetu mtakatifu. Ameyatunza kwenye rafu ya sala tangu tulipooana, ili siku ya kuondoka yamguse ulimi. Asipoyapata, ataendaje?"

Watu waliojaa mlangoni wakanivaa. "Mpe, we binti! Roho gani hiyo?" "Unamnyima maji mtu anayekata roho!" Loo, nilitukanwa siku hiyo. Matusi sikuyajali, nimekulia uswahilini. Kilichonikera ni kwamba nilimwelewa yule mama. Bibi yangu alipokuwa anakata roho kwetu Ilala, shangazi alimdondoshea maji ya Zamzam kwa pamba huku wengine wakimtamkisha shahada, na mtu ambaye angetuzuia siku ile nisingemsamehe mpaka leo. Bora nisingeelewa! Nikimpa yakampalia, na huenda hospitali wangemponya, nimemuua mimi. Nikimnyima akafa, nimemtuma safari mikono mitupu, mkewe akiniangalia.

"Sasa tunafanyaje?" mwenzangu akaninong'oneza. Nilitaka kumzaba kofi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, jamani.

Nikachukua pamba kwenye begi, nikaichovya kwenye kile kikopo, nikaikamua mpaka ukabaki unyevu tu, nikaipitisha kwenye midomo ya mzee. Tone moja likajikusanya, likashuka kwenye pembe ya mdomo, likadondoka sakafuni. Mkewe alikuwa amefumba macho, anaomba kwa lugha yao. Hakuliona.

Siku hizi niko kazini kwenye hilo hilo gari la wagonjwa, na kuna vijana wenye vizibao wanaokuja kujifunza kwangu. Nawafundisha sharti la maji kama nilivyofundishwa, sipunguzi neno. Wakiniuliza kama kuna siku lilinishinda, nawaambia halikunishinda, ila liliniuma. Wanasubiri niendelee, nami nawagawia bandeji za mazoezi.

Siku ile gari lilifika mzee akiwa bado anapumua. Mkewe aliniomba nimsindikize, nikapanda naye. Hospitalini tulikaa kwenye benchi la korido mpaka daktari akatoka, akainama, akamwambia polepole kwamba mzee ametutoka. Hakulia. Alinigeukia, akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Yaliingia?"

Mimi niliyekuwa nimepigana na mtaa mzima yasiingie!

"Yaliingia, mama," nikasema. "Aliyameza."

Ndipo akalia.