Panya Aliyemwangusha Mfalme

Kila mji ninaofika, huwa natafuta fundi wa kompyuta kuukuu nimwulize kama amewahi kumwona panya wangu. Wengi hucheka. Panya huyo aliishi ndani ya mchezo wa hesabu, kwenye kompyuta ya pekee ya shule yetu ya msingi huko Eldoret, miaka ile chama cha siasa kilikuwa kimoja tu nchini. Mfalme mnene alikaa juu ya ukuta akipiga miayo. Ukijibu sawa, panya alikuja akang'oa tofali. Tofali la mwisho likitoka, mfalme alianguka miguu juu na muziki ukalia. Tuliwapenda wote wawili.

Nyumbani, mtaa wa West Indies hapo mjini, tuliucheza bila kompyuta. Mmoja alipanda juu ya kreti za soda, wengine wakazivuta, tukipiga kelele: "Mfalme chini! Mfalme chini!" Siku moja jirani alisimama kwenye ua akatuuliza, kwa upole mwingi, nani alitufundisha. Tukamtaja Mwalimu wetu wa hesabu, tena kwa fahari.

Wiki hiyo hiyo wanaume wawili wenye makoti marefu waliingia darasani bila kubisha. Mwalimu, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa mtu wa utani sana. Siku hiyo hakutania. Mmoja wao alitazama picha ya Rais ukutani, kisha kompyuta iliyokuwa chini yake.

"Huyo mfalme anaanguka aje?"

"Ni hesabu tu, mkubwa."

"Tuonyeshe."

Mwalimu aliniita. Aliniwekea mkono begani akanibana kidogo, nami nikaelewa: mfalme asipoanguka, labda wataondoka bila Mwalimu. Ukuta ulikuwa umebakiza tofali moja. Saba mara nane. Nikaandika hamsini na nne. Panya akatikisa kichwa. Nikaandika sitini. Akatikisa tena.

"Mtoto mkubwa hivi!" yule mwanamume akafoka. "Mashine yote hii na hawajui jedwali? Sisi tulichapwa tukajua. Toka hapo!"

Akainama, akabonyeza kwa kidole kimoja: 56.

Panya akaja mbio. Mfalme alipoanguka, hakuna aliyecheka.

"Huwa anaanguka hivyo kila mara?"

"Ukijibu vizuri, mkubwa."

"Chukua koti lako, Mwalimu."

Hatukumwona tena. Gari lilipoondoka, muziki wa ushindi ulikuwa bado unalia. Tuliusikiliza mpaka stima ikapotea na kompyuta ikazimika, maana ni Mwalimu peke yake aliyejua kuuzima.