Harufu Tamu Ndani ya Gari la Mjomba

Mjomba alifia Nosy Be kwa ugonjwa wa sukari, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na gari lake likavushwa, likaletwa Mahajanga kwa mama, dada yake wa pekee. Siku zake za mwisho pumzi yake ilinuka utamu, kama mapera yaliyoiva kupita kiasi. Mama, aliyemuuguza, hakuisahau harufu ile.

Safari ya kwanza nilimpeleka mama Belobaka kwenye hitima. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Tulipotoka Mahabibo kioo cha mbele kikaanza kufanya ukungu kwa ndani. Nikaufuta, ukarudi, kiganja kikabaki kinanata. Kisha harufu ikatujia.

Mama akauvuta mtandio puani, akasema taratibu kwa Kikomoro, "Ndugu yangu yumo humu."

Nywele zilinisimama, maana nami niliisikia, tamu na ya uvuguvugu, ikipanda kutoka miguuni pake. Akaanza kusoma Yasini. Niliendesha hivyo hivyo mpaka mshale wa joto ukapanda, tukasimama kwa fundi mmoja, Mmalagasi wa makamo, kando ya njia.

Fundi alipapasa zulia miguuni pa mama, akanusa vidole. "Hita inavuja," akasema. Mjomba alikuwa akiongeza maji ya kisima kwenye rejeta, chumvi ikala mabomba. Injini ilipopoa akaiziba njia ya hita, kwani nani anahitaji joto Mahajanga, akaosha rejeta, kisha akachanganya kwenye ndoo safi nusu kulanti, ile dawa ya kupozea injini yenye harufu tamu, nusu maji ya betri. Nilimuuliza kwa nini asimimine kulanti tupu.

"Tupu haibebi joto vizuri," akasema. "Na maji matupu yanachemka upesi, tena yanaleta kutu."

Yaliyomwagika aliyafukia mchanga, paka wasije wakayaramba kwa utamu wake wakafa.

Mama alisikiliza yote. "Hiyo ni habari ya gari," akasema.

Miezi ikapita, kioo safi, mshale umetulia. Asubuhi moja tukienda sokoni harufu ikarudi. Nilisimama, nikangoja injini ipoe, nikafungua: maji yamejaa hadi alama. Zulia kavu. Nilipomwinamia mama dirishani, akasema, "Mwanangu, nitafutie maji. Kiu haikatiki tangu jana."

Harufu ilitoka kinywani mwake.

Niligeuza gari moja kwa moja hospitali. Daktari akasema ni sukari, imepanda mno, wakamlaza. Alirudi nyumbani na sindano zake, akaishi miaka mingi.

Lakini hakukubali kwamba siku ile ya Belobaka ilikuwa hita tu. "Alikuja kuniambia," alikuwa akisema. "Wewe ukampeleka kwa fundi."