Shangazi Amsindikiza Afisa

Teksi ilimwacha mpwa na begi lake katika mtaa asioujua, majengo yote yamefanana kama mapacha. Sauti kutoka dirisha la juu ndiyo iliyomwongoza.

"Huko unakwenda wapi? Ngazi ziko nyuma! Macho umeyaacha uwanja wa ndege?"

Juu alimkuta shangazi yake kavaa gauni la kwendea harusini. Fundi cherehani huyu alishonea shule za mji mzima sare, lakini sasa vidole vimekakamaa. Kila asubuhi msaidizi wa serikali humwogesha na kumfunga vifungo. Leo afisa wa ustawi wa jamii anakuja kumpima: akionekana hajiwezi, serikali itaendelea kulipa, akionekana anajiweza, atalipa mwenyewe, na pensheni yake haifiki hata nusu ya gharama.

"Umejipamba ya nini, shangazi? Anakuja kuona unavyoteseka!"

"Anikute kama kuku aliyenyeshewa? Mimi?"

Afisa aliingia na faili kwapani. "Shikamoo, mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Salama kabisa, sina shida."

"Kuoga je?"

"Kwani nanuka?"

"Anaogeshwa," mpwa akadakia.

"Wewe umefika leo, umeyaona wapi?"

"Na vifungo, mama?"

"Nimeshona vifungo maisha yangu yote, leo vinishinde?"

Mpwa akamfinya chini ya meza.

"Mbona unanifinya?" shangazi akauliza kwa sauti.

Afisa akakuna kichwa. "Limebaki moja, nalo ndilo kubwa. Asiyeweza kushuka ngazi peke yake, tunamlipia."

"Hawezi!" Mpwa alikaribia kupiga magoti. "Muulize msaidizi. Tangu ahamie hapa hajazishuka bila kushikwa."

Safari hii shangazi alinyoosha tu gauni lake. Afisa akaandika, akafunga faili, akaaga. Mpwa akashusha pumzi.

Ndipo shangazi akashika meza, akainuka. "Nikusindikize, baba."

"Usijisumbue, mama."

"Mgeni hatoki kwangu peke yake kama mwizi."

"Shangazi, kaa! Unajipalia makaa!"

"Huko unakozurura ndiko walikokufundisha kufukuza wageni?"

Akatoka. Alikumbatia ukuta, akateremsha mguu mmoja, akaufuatisha wa pili, kifua kikimkoroma, na kila afisa alipomnyooshea mkono aliusukuma. Kwenye kona ya ngazi afisa alisimama, akafungua faili upya.

Mpwa alibaki mlangoni, mikono kichwani, akimsikia shangazi huko chini akihema na kuuliza, "Na mama yako, baba, hajambo?"