Chai ya Doña Eustolia

"Sijanywa kitu," Hermelinda aliniambia, nami nilikuwa nimemuuliza jina tu. Hilo ndilo nililoliona kwake mwanzo: alikana kabla ya kuulizwa.

Alikuwa msukaji wa mikeka kutoka bondeni, mama wa watoto wawili, wote waliopokelewa nyumbani na mama mkwe wake, Doña Eustolia, mkunga wa kijiji. Safari hii chupa ya uzazi ilipasuka alfajiri lakini uchungu haukuja, ndipo mumewe akamleta kwenye hospitali yetu ndogo. Mimi nilikuwa muuguzi niliyetoka chuoni juzi, nikitumikia mwaka wangu wa lazima.

Daktari Zamudio aliagiza dripu ya kuanzisha uchungu. Nilimchoma sindano mkononi, nikamfunga tumboni mkanda wa kusikilizia moyo wa mtoto. Nyumbani alizoea kujifungua akiwa amepiga magoti, ameshikilia shali iliyofungwa kwenye boriti. Hapa hata chooni hakwenda bila ruhusa.

"Mbuzi hufungwa kamba moja," alisema. "Mimi mmenifunga mbili."

"Vumilia, dada. Dawa inaingia polepole."

"Basi uniletee na majani."

Adhuhuri daktari aliniambia niongeze matone. Nikaongeza. Uchungu ukaja mmoja juu ya mwingine, tumbo likabaki gumu bila kulegea hata kidogo. Kisha mlio wa moyo wa mtoto ukaanza kwenda taratibu.

Hermelinda alikuwa akitazama dirishani. Nje, kando ya ukuta, mama mkwe wake alikuwa ameketi na chupa ya chai mapajani, maana ndugu hawaruhusiwi kuingia. Nikaelewa.

"Umekunywa zoapatle?"

Kila nyumba ya kule huchemsha jani hilo chungu ili kusukuma uzazi, na kila mwanamke hulikana akifika mlangoni kwetu, kwa kuogopa mkunga wake asije akagombezwa.

"Nikisema, watamwitia polisi," alisema. "Walishamtisha mwaka jana. Mke wa shemeji yangu anazaa mwezi ujao. Atapokelewa na nani?"

"Usiposema, naendelea kumwaga dawa juu ya dawa. Msikilize mtoto."

Tukamsikiliza. Uchungu mwingine ukamkamata, akauma shuka.

"Bakuli zima," alisema ulipopita. "Na jingine garini."

Nilifunga dripu, nikamlaza ubavu wa kushoto, kisha nikamwita daktari na kumweleza. Alikwenda dirishani, akamtazama bibi aliyeketi kando ya ukuta.

"Mwiteni yule mama."

Hermelinda alinishika mkono. "Nilikwambia."

Doña Eustolia aliingia akiwa amekumbatia chupa yake.

"Ulichemsha kiasi gani?" daktari aliuliza.

"Konzi moja. Jua likichomoza."

"Mengine tutaongea baadaye. Kaa hapo, usimpe hata maji." Akanigeukia. "Moyo usipopanda, tunampasua."

Bibi alikaa, akauweka mkono wake tumboni mwa mkwewe, juu kidogo ya mkanda. Tumbo lilianza kulegea. Mlio ukapanda kidogo, ukasita, ukapanda tena. Halafu uchungu mmoja ukaja wenyewe, mpole, ukaondoka.

"Anakuja?" Hermelinda aliuliza.

"Bado," alisema mama mkwe.

"Mwambieni mtoto niko hapahapa. Sina pa kwenda."